Makamu, Udi na Gitaa

Neno la Kiarabu "maqam" maana yake ni mahali pa kusimama. Katika Kiswahili limezaa makamu, ashikaye mahali pa mkuu wake, na makamo, umri wa mtu aliyepita ujana asiufikie uzee. Mzawa wa tatu hukaa kwa wapigaji wa taarabu, na huyo ndiye anayetafsiriwa vibaya, kwani wengi humwita ngazi ya sauti, basi.

Ngazi huonyesha sauti zitumikazo. Makamu huonyesha pia ipi iliyo maskani ya wimbo, na njia ifuatwayo katika kupanda na kushuka. Sauti saba zile zile, maskani yakihamishwa, hutoa wimbo wa tabia nyingine. Glareanus wa Uswisi alilieleza jambo hilo kwa muziki wa Ulaya mwaka 1547, akahesabu aina 12.

Lakini sauti zenyewe si zile zile kila mahali. Zama za Harun al-Rashid (786–809) aliishi Baghdad mpiga udi aitwaye Zalzal, ambaye jina lake lilibaki katika mahali pa kidole cha kati shingoni mwa udi. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alipapima: uwiano wa 27 kwa 22. Sasa tazama gitaa. Vijiti vya chuma vilivyokingama shingoni mwake hugawa safari ya kutoka sauti moja hadi mwenziwe wa juu katika hatua 12 sawa. Sauti ya Zalzal huangukia karibu katikati ya kijiti cha tatu na cha nne, mahali pasipo na kitu. Mpigaji hodari aweza kuuvuta uzi mpaka aifikie. Mpigaji wa kodiani hana hila hiyo, isipokuwa ndimi za chombo chake zirekebishwe.

Unguja, masimulizi husema Sultani Barghash (1870–1888) alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Udi, fidla na ganuni viliweza kuibeba sauti hiyo ya katikati. Gitaa na kodiani vilipoingia, Ajam na Nahawand hazikudhurika, kwa kuwa hukaa vizuri katika hatua 12. Rasti, Bayati na Sigah ndizo zilizobanwa. Hata wataalamu waliokutana Kairo mwaka 1932 hawakuafikiana kama hatua 24 sawa zingetosha kuzipima.

Majina haya yana kichekesho chake. Ajam ni mwenzake Uajemi; Nahawand ni mji wa huko; Rasti kwa Kiajemi ni nyoofu, na Sigah ni "mahali pa tatu". Mahali tena! Mwajemi alisema "gah", Mwarabu akasema "maqam", na wote wawili walifikiria kidole kikisimama juu ya uzi. Mtunga kamusi atakayeandika "skeli" mbele ya makamu atakuwa amekiondoa kidole hicho, na pamoja nacho sauti ya Zalzal, ambayo skeli ya gitaa haina pa kuiweka.