Dawa Ilipoonekana Ndani ya Ubongo

Nilipokuwa mtoto huko Migori, alikuwako jirani yetu mmoja, fundi wa viatu, aliyepatwa na maradhi ya akili. Alipodungwa sindano, sauti alizokuwa akizisikia zilinyamaza. Lakini mikono ikaanza kutetemeka, na mwendo wake ukawa mkavu kama wa mtu aliyefungiwa ubao mgongoni. Wazee wakasema pepo hajatoka, amehamia miguuni tu. Basi akaiacha dawa, na sauti zikarudi. Madaktari walijua tangu zamani kwamba mtetemo ule huletwa na dawa yenyewe. Wasilolijua ni kiasi gani kingetosha kuponya bila kutesa, kwa maana ubongo wa mtu aliye hai ulikuwa sanduku lililofungwa.

Na penye sanduku lililofungwa, watu husema wapendavyo. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza mwaka 1910. Tangu 1938 hadi 1950 iliongozwa na Dk. J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea maradhi ya akili alipoipokea. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, naye humo akadai ya kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Hakuwa ameuona ubongo huo ukifanya kazi. Alitazama mienendo ya watu waliotawaliwa, akaisingizia nyama iliyomo fuvuni.

Wakati huohuo dawa mpya ilikuwa imetokea. Mwaka 1952, mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wao klorpromazini, na wengi wakatulia. Mwaka 1963 Arvid Carlsson wa Uswidi, akichunguza panya, alikisia namna ifanyavyo kazi. Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, mojawapo ikiitwa dopamini, nayo hutua mahali maalumu paitwapo kipokezi. Fikiri gati ya Mbita: chombo kitupu kikiegeshwa hapo, mashua yenye abiria haiwezi kushusha. Dawa ndiyo chombo kile kitupu.

Lakini panya si mtu. Tarehe 25 Mei 1983, katika chuo cha Johns Hopkins, Marekani, Dk. Henry Wagner alijilaza mwenyewe mtamboni, akatiwa mshipani kemikali inayoshika vipokezi vya dopamini, iliyounganishwa na kaboni yenye mnururisho. Kaboni hiyo hutoa positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuzaa miali miwili iendayo pande zilizo kinyume. Mtambo huidaka miali hiyo na kuhesabu ilikotoka. Na pale ambapo dawa ya mgonjwa imekwisha kushika kipokezi, kemikali hukosa nafasi, na picha hufifia. Hivyo dawa ikapimika.

Mwaka 1988 Lars Farde na wenzake, mjini Stockholm, waliona kwamba dozi za kawaida huziba vipokezi hivyo kwa asilimia 65 hadi 85. Mwaka 2000 Shitij Kapur na wenzake, mjini Toronto, waliwapa wagonjwa 22 haloperidoli miligramu 1 au 2.5 tu kwa siku. Nafuu ilionekana zaidi kuanzia asilimia 65, na ukakamavu wa viungo kuanzia 78. Njia ni nyembamba, nayo dozi kubwa huivuka bure. (Klozapini, hata hivyo, huponya ikiziba vipokezi vichache zaidi, kwa hiyo hesabu hii haielezi mambo yote.)

Nairobi ina mitambo ya namna hiyo, itumikayo hasa kwa saratani. Homa Bay haina, wala kaboni ile haiwezi kuletwa kwa gari kutoka mbali: nusu yake hutoweka kila dakika 20, kabla hata gari litokalo Homa Bay halijafika Rongo. Bali hesabu za Stockholm na Toronto zimekwisha kuingia katika vitabu vya madaktari, nazo hazipungui njiani.