Mapitio ya rika: neno lilikotoka na linavyosikika Siongiroi

Neno 'rika' limeingia katika majarida ya vyuo vikuu bila kubisha hodi. Siku hizi mtu akikwambia ana makala katika jarida la biashara na usimamizi, huongeza haraka kwamba yamepita 'mapitio ya rika'. Wengine husema 'tathmini ya wataalamu wenza', na wengine hukimbilia Kiingereza wakatulia. Mimi nililitaja neno hilo mbele ya wafugaji wa Siongiroi, kule Chepalungu, kaunti ya Bomet. Mzee mmoja akanidaka papo hapo: "Rika gani? Kaplelach au Kipnyige?"

Mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa Wakipsigis, rika ni watu wanaojuana. Waliingia jandoni katika kipindi kimoja, na udugu wao ni mzito kiasi kwamba mtu haoi binti wa mwanarika mwenzake. Mwanarika hukukosoa usoni. Na mzozo ukifikishwa kwenye kokwet, yaani baraza la kijiji, kila aliyehudhuria anajua nani kasema nini. Rika la jaridani ni kinyume kabisa. Kwa kawaida mwandishi hamjui anayemhukumu, na mara nyingi anayehukumu naye hafichuliwi jina la mwandishi. Wanachoshiriki ni jando la shahada tu.

Tena desturi yenyewe si kongwe kama wengi wanavyodhani. Henry Oldenburg alipoanzisha Philosophical Transactions jijini London mwaka 1665, aliamua mwenyewe kipi kichapwe. Kamati ya kupitia makala ilikuja 1752, Royal Society ilipolichukua jarida hilo rasmi. Hata mwaka 1936 Albert Einstein alikasirika aliposikia kwamba Physical Review, la Marekani, limempa mtu mwingine makala yake ayasome kabla ya kuchapwa. Akayaondoa, akayapeleka kwingine. Kumbe yule msomaji wa siri alikuwa ameona kosa la kweli, na makala yalipotoka kwingine hitimisho lilikuwa limebadilika! Jarida la Nature nalo halikufanya mapitio ya nje kuwa sharti hadi 1973.

Taaluma ya usimamizi ilijiunga na mkondo huu ikiwa bado changa. Harvard Business Review, lililoanza 1922, liliwalenga mameneja, na mpaka leo wahariri wake ndio waamuzi. Majarida ya wasomi wenyewe yalifuata baada ya vita: Administrative Science Quarterly mwaka 1956, kisha lile la Academy of Management mwaka 1958. Fani iliyodharauliwa kuwa ni ya wenye maduka ilitaka heshima waliyopewa wanafizikia, na njia ilikuwa hiyo ya waamuzi wasiojulikana.

Kwetu heshima hiyo imegeuka sharti la kazi. Mhadhiri hapandi cheo bila kuchapisha, na mwanafunzi wa uzamifu anadaiwa makala kabla ya kufuzu. Hapo ndipo walanguzi walipoona soko: lipa ada leo, makala yako yatoke wiki ijayo, na tangazo linaapa kwamba yamepitiwa. Yamepitiwa na nani? Swali la mzee limerudi, na safari hii halichekeshi.

Siongiroi inahusika kuliko inavyodhaniwa. Ukishuka kutoka mashamba ya chai ya Kericho unafika nchi ya mahindi na ng'ombe, na wafugaji wa hapa wana kampuni ya kupoza maziwa waliyoimiliki kwa hisa. Mradi mkubwa wa maziwa wa Afrika Mashariki ulipoanza 2008 katika Kenya, Uganda na Rwanda, mpango wa vituo vya kupozea vinavyomilikiwa na wakulima ndio uliokuwa uti wa mgongo wake. Vituo vya aina hii vimeandikiwa makala mengi ya kitaalamu. Mfugaji hujaza hojaji, anashukuriwa, basi. Makala yanatoka kwa Kiingereza, yanapitiwa na watu ambao huenda hawajawahi kubeba mtungi wa maziwa alfajiri, na mwenye hisa hapati nafasi ya kusema, "Hapo mmekosea."

Ati Kiswahili hakina maneno? Kwenye mikutano ya wanahisa nasikia mtaji, gawio, mkaguzi wa hesabu, mizania, deni lililoiva. Chuo cha Ushirika kilianza Moshi mwaka 1963, na wanaushirika wa Tanzania wamefundishwa uhasibu kwa lugha hii. Ila chuo hicho, ambacho sasa ni chuo kikuu, jarida lake la ushirika na biashara ni la Kiingereza.

Yapo mambo yaliyowahi kugeuka. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa 1930, na taarifa yake ikakua kuwa jarida la Kiswahili tunalolijua. Kwa miongo kadhaa lilijadili lugha yetu kwa Kiingereza zaidi. Leo wasomi huandika humo kwa Kiswahili, na waamuzi hukataa makala kwa Kiswahili vilevile, tena bila huruma.