Kuipima Zebaki ya Bahari

Maji yapwapo Kibuyuni, karibu na Shimoni, utawaona wanawake wakishuka kuyahudumia mashamba yao ya mwani, yaliyofungwa kwa kamba na vigingi. Mwani hufyonza madini yaliyomo majini. Tuseme basi, ewe msomaji, umeletewa chupa ya maji ya pale, ukaulizwa kama mna zebaki. Utajibuje? Ukisema imo nayo haimo, utawaharibia watu soko la mazao yao. Ukisema haimo nayo imo, utawadhuru walaji.

Kuiona kwa macho haiwezekani. Lita moja ya maji ya bahari kuu kwa kawaida haina zebaki ya kutimia hata nanogramu moja, yaani gramu moja iliyogawanywa vipande milioni elfu.

Haja ya kuipima ilidhihirika kwa msiba. Mwaka 1956, huko Minamata katika nchi ya Japani, wavuvi na watoto wao walianza kutetemeka na kupooza. Kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki ghubani. Samaki wakaila, na watu wakawala samaki. Serikali ya huko haikukiri chanzo hicho mpaka 1968.

Mwaka huohuo wa 1968 wanakemia Hatch na Ott walieleza njia ambayo ingali msingi wa kazi hii. Zebaki ina tabia ya pekee miongoni mwa metali: hugeuka mvuke bila kuchomwa moto. Wao walitia chumvi ya bati katika maji, wakapuliza hewa ndani yake, na mvuke ukapanda ukapita katika bomba. Upande mmoja wa bomba paliwashwa taa ya zebaki, yenye mwanga usioonekana kwa macho. Zebaki humeza mwanga wa zebaki mwenzake. Kadiri mwanga ulivyofifia, ndivyo walivyojua kiasi kilichomo. Woodson alikwisha kuutumia mwanga huo mwaka 1939, lakini yeye alipima hewa.

Baadaye dhahabu iliingia kazini. Wachimbaji wa Migori na Geita hutumia zebaki kunasa dhahabu. Maabara hufanya kinyume, hupitisha mvuke juu ya dhahabu ili zebaki inaswe, kisha huipasha moto ikatoka yote kwa pamoja.

Hapo ndipo lilipofichuka jambo la ajabu. Hesabu nyingi za zamani za zebaki ya baharini zilikuwa kubwa mno. Bahari haikuwa imetakata. Kilichotakata ni chupa na mikono ya wapimaji. Zebaki ya hewani mwa maabara, au ya kipimajoto kilichovunjika zamani, ilikuwa ikihesabiwa kuwa ya bahari!

Kwa hiyo siku hizi watekaji maji huwa wawili: mmoja hashiki ila chupa, wa pili hushika vitu vingine vyote. Tena huchukua chupa ya maji yaliyosafishwa, wakaifungua palepale pwani, wakairudisha ipimwe pamoja na nyingine. Zebaki ikionekana humo, siku hiyo bahari haitashitakiwa.