Mtanganyika katika santuri ya Randy Weston

Novemba 1960, katika studio ya Bell Sound jijini New York, Mtanganyika mmoja alisimama mbele ya kipaza sauti akasoma shairi la uhuru kwa Kiswahili. Jina lake Tuntemeke Sanga, ambaye miaka ya baadaye Watanzania walimjua kama mbunge wa Makete. Nyuma yake walikuwapo wapigaji zaidi ya ishirini, na kiongozi wao alikuwa mpiga piano wa miaka 34, Randy Weston, mtu mrefu wa takriban mita mbili. Santuri yao waliipa jina Uhuru Afrika. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea Tanganyika, na ingepepea kwa zaidi ya mwaka mmoja mwingine.

Huku Same, Upareni, ukitaja jazz, mtu anakumbuka Tanga. Si ajabu. Reli ya Tanga kwenda Moshi inakatiza mjini hapa, na Tanga ndiko yalikokuwa makao ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Lakini zile zilikuwa bendi za magitaa. Chombo cha kubonyeza kwa vidole, kwa watu wa Upareni, kilikuwa kinanda cha kanisani, na kazi yake ilikuwa kuongoza kwaya. Jazz ya piano ilitupita kando, ikapita pamoja na kazi hii iliyotanguliza lugha yetu mbele ya Kiingereza.

Weston alizaliwa Brooklyn tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, mwenye asili ya Panama na Jamaika, alikuwa na mgahawa na alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, mtetezi wa umoja wa watu weusi. Ndiye aliyemshurutisha kijana kujifunza piano, na ndiye aliyemkalisha chini na kumwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Maneno hayo hayakumtoka. Baada ya utumishi wa jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alirudi Brooklyn, akawa anamfuata mpiga piano Thelonious Monk hadi nyumbani kwake kumsikiliza. Monk alimfungua masikio: piano inaweza kupigwa kama ngoma, na kimya kati ya noti mbili nacho ni muziki.

Santuri yake ya kwanza, ya mwaka 1954, ilikuwa ya nyimbo za Cole Porter. Ni kazi nzuri, ila ya mtu mwingine. Tungo zake mwenyewe ndizo zilizomweka mjini. Hi-Fly ilitokana na ule urefu wake, jinsi ardhi inavyoonekana ukiwa juu namna ile. Mpiga saksafoni Cannonball Adderley aliirekodi mwaka 1959 na hadi leo wanajazz wanaipiga. Little Niles aliitunga kwa ajili ya mwanawe wa kiume na Pam's Waltz kwa ajili ya binti yake, zote mbili katika mapigo ya tatu tatu. Binafsi naipenda zaidi Little Niles. Ina uchangamfu wa mtoto, lakini chini yake kuna kiza kidogo ambacho mtunzi hakukifafanua.

Katika miaka hiyo wanajazz wengi walikuwa na hamu ya Afrika. Mwaka 1958 Wilbur Harden na John Coltrane walirekodi Tanganyika Strut. Jina letu likawa juu ya jalada, na ndani hakuna Mtanganyika hata mmoja. Weston alitaka zaidi ya jina. Alikwenda kwa wanadiplomasia wa Kiafrika katika Umoja wa Mataifa, akawauliza: kama bara zima lingesema kwa lugha moja, iwe ipi? Wakamjibu Kiswahili. Jibu hilo lina uzito ukikumbuka kwamba mwaka 1960 peke yake nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, nyingi zikiwa za Afrika Magharibi na Kati, ambako katika sehemu nyingi wasemaji wa Kiswahili walikuwa wachache sana.

Lile shairi la uhuru lilitungwa na Langston Hughes, mshairi mkubwa wa Harlem. Sanga alilisoma kwa Kiswahili, na mwimbaji Brock Peters akalisoma kwa Kiingereza. Kupanga nani apige nini na wakati gani ilikuwa kazi ya Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye wanaume wengi wa bendi zile walimheshimu kwa kalamu yake. Ukisikiliza sehemu ya kwanza, Uhuru Kwanza, sikiliza ngoma. Babatunde Olatunji anatoka Nigeria, Candido na Armando Peraza wanatoka Kuba, Max Roach na Charlie Persip ni wa Marekani. Ni watu wa bara moja waliotawanywa na meli za watumwa, na Liston hakuwachanganya ovyo: kila mmoja amepewa nafasi, kisha wanakutana. Piano ya Weston iko chini, nzito, inajibizana na ngoma badala ya kuzifunika. Sehemu ya pili, African Lady, inaimbwa na Martha Flowers pamoja na Peters. Zinafuata Bantu na Kucheza Blues, na hiyo ya mwisho ni sherehe tupu.

Mwaka 1964 serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga santuri hiyo marufuku. Wakubwa wale hawakuogopa tarumbeta wala saksafoni. Waliogopa neno lililoandikwa kwenye jalada. Wapare wanaielewa hofu ya aina hiyo: mwaka 1945 maelfu yao walishuka milimani wakapiga kambi kwenye makao ya wilaya hapa Same kuipinga kodi ya mbiru, na serikali ya kikoloni ilihangaika kujua la kufanya na watu waliokaa tu na kudai. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya kisa hicho.

Weston mwenyewe alifika Afrika mwaka 1961, Lagos. Mwaka 1967, mwaka ambao pia alipiga piano kwenye mazishi ya Hughes, alizunguka nchi za kaskazini na magharibi mwa bara, kisha akahamia Moroko na kufungua ukumbi wa muziki huko Tangier. Tungo zake za baadaye, kama Blue Moses, zimejaa midundo ya Wagnawa, jamii ya wanamuziki wa huko. Mwaka 2001 Marekani ilimtunukia heshima yake ya juu kwa wanajazz. Alifariki tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na miaka 92.

Wamarekani wameandika mengi juu ya Weston, na Liston ameanza kupewa haki yake. Sanga hutajwa kwa mstari mmoja. Hilo si deni la Wamarekani, ni letu. Walimu wa muziki na wa Kiswahili, na ninyi watangazaji wa redio mnaosikika Same na Mwanga, santuri hii inapatikana. Ipigeni hewani tarehe 9 Desemba, siku ya uhuru wa Tanganyika, na mmtaje Tuntemeke Sanga kwa jina lake.