Ukishtakiwa kwa kumnyanyasa mtu: Sheria yasemaje?

ARAFA chache zilizotumwa usiku kwa hasira zaweza kumfikisha mtu kizimbani, na akipatikana na hatia zikamgharimu miaka 10 gerezani.

Hata hivyo, kushtakiwa si kuhukumiwa. Baina ya siku mlalamishi anapoandikisha taarifa kituoni na siku ya hukumu mna hatua nyingi, na Katiba ya 2010 imempa mshtakiwa haki katika kila hatua. Wengi huzipoteza haki hizo kwa kutozijua, au kwa kuendelea kumpigia simu mlalamishi wakidhani watayamaliza wenyewe.

Nchini Kenya, makosa ya unyanyasaji hayamo katika sheria moja. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 238, inaharamisha kumtisha au kumsumbua mtu, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mitatu. Kutishia kuua ni kosa la kifungu cha 223, ambalo adhabu yake yaweza kufika miaka 10.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, katika kifungu cha 23, inamlenga mtu mwenye mamlaka au afisa wa umma anayezidi kumtongoza mtu ilhali anajua hatakiwi. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua Sh100,000, au zote mbili. Nayo Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inamruhusu mwathiriwa kuomba amri ya mahakama ya kumlinda dhidi ya jamaa, mume, mke au mpenzi anayemhangaisha au kumfuatafuata.

Lakini kwa watumiaji wa simu na intaneti, sheria inayotajwa zaidi ni ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018. Kifungu chake cha 27 kiliweka adhabu ya faini isiyozidi Sh20 milioni, au kifungo kisichozidi miaka 10, au zote mbili.

Chini ya kifungu hicho, haitoshi kuonyesha kwamba mlalamishi alikasirika. Upande wa mashtaka sharti uthibitishe kwamba mshtakiwa aliwasiliana naye, au na mtu anayemfahamu, kwa makusudi. Aidha, sharti uthibitishe kwamba alijua, au alipaswa kujua, kuwa mwenendo wake ungemtia mwenzake hofu ya kudhuriwa au kuharibiwa mali, au ungemwathiri kwa njia nyingine zilizotajwa katika sheria.

Chukua mfano wa mtu aliyemkopesha jirani Sh5,000. Kumwandikia kwamba siku ya kulipa imepita na kumwomba atimize ahadi ni kudai haki. Kumwandikia mara 30 kwa siku, kumtusi mkewe na kumwambia nyumba yake itateketea ni jambo jingine kabisa. Deni ni la kweli katika hali zote mbili, lakini ukweli wa deni hauhalalishi vitisho.

Anayekamatwa ana haki, kwa mujibu wa Ibara ya 49 ya Katiba, kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili. Ni lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku inayofuata ya mahakama iwapo muda huo utaisha wakati mahakama zimefungwa. Ana haki pia ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima.

Maneno anayoyatamka kituoni yanaweza kutumiwa kama ushahidi. Kwa hivyo ni busara kutoandika taarifa yoyote kabla ya kushauriana na wakili. Si busara kufuta jumbe katika simu, kwa kuwa huenda ndizo zitakazomwokoa.

Kosa kubwa zaidi ni kumtafuta mlalamishi au kumtumia wapatanishi bila idhini. Mahakama yaweza kuamuru mshtakiwa asiwasiliane naye, wala asimtume mtu mwingine kwa niaba yake, na kuvunja amri hiyo kunamletea kesi nyingine.

Mahakamani, Ibara ya 50 inamchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Ana haki ya kupewa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake na muda wa kutosha kujitayarisha. Iwapo hana uwezo wa kumlipa wakili na haki haitatendeka bila wakili, Serikali yapaswa kumpa mmoja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha huduma ya kitaifa ya kuwasaidia wasiojiweza.

Utetezi hutegemea mambo machache. La kwanza ni nani aliyeandika. Laini ya simu yaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mmoja na kutumiwa na mwingine. La pili ni nia, na la tatu ni mazungumzo yote kwa ukamilifu, kwani ujumbe mmoja uliochomolewa waweza kupotosha maana.

La nne ni namna ushahidi ulivyopatikana. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyotolewa, na kifaa kilichotumiwa. Wakili makini hukitafuta cheti hicho kwanza.

Mashahidi wa mashtaka wakimaliza na ushahidi ukose kutosha, mahakama humwachilia mshtakiwa. Ikiona ana kesi ya kujibu, anaweza kujitetea kwa kiapo, kuzungumza bila kiapo, au kunyamaza. Asiporidhika na hukumu, ana siku 14 za kukata rufaa.

Sheria yenyewe pia yaweza kupingwa. Aprili 2016, Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa kuwa maneno yake hayakuwa wazi. Februari 2020, mahakama hiyo iliidhinisha sheria ya 2018 iliyokuwa imepingwa. Oktoba 2025, baada ya Rais William Ruto kutia saini marekebisho ya sheria hiyo, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda baadhi ya vipengele vya kifungu cha 27. Ndiyo maana wakili hutazama kwanza sheria ilivyokuwa siku ya kosa linalodaiwa.

Je, wakipatana nje ya mahakama? Mapatano hayaifuti kesi yenyewe. Mlalamishi sharti aieleze mahakama sababu za kuondoa malalamishi, naye Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuisitisha kesi bila idhini ya mahakama.

Kwa upande wa mlalamishi, njia ni ile ile ya ushahidi: ahifadhi jumbe bila kuzikatakata, aandike tarehe na saa, aripoti kituoni na achukue nambari ya kitabu cha matukio. Akijibu matusi kwa matusi, naye aweza kujikuta kizimbani.