Jina Kama Ukuta: Kumbukumbu za Vita Katika Rufiji

Watu wa Belfast, mji uliogawanyika kwa dini na siasa, wamezoea kuandika historia yao juu ya kuta za nyumba. Tangu mwaka 1908 Waprotestanti walimchora Mfalme William wa Tatu, mshindi wa vita vya Boyne vya mwaka 1690. Nao Wakatoliki, hasa baada ya wafungwa wao kugoma kula hata kufa mwaka 1981, wakawachora mashahidi wao. Apitaye njiani hujua mara moja yumo katika mtaa wa nani. Rangi ikichakaa hupakwa upya, na nia ya watu ikibadilika picha ya zamani hufunikwa kwa nyingine.

Atakayekwenda Utete au Kibiti kutafuta kuta za namna hiyo asidhani, akizikosa, kwamba nchi hiyo haina kumbukumbu. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika Rufiji kazi ya ukuta imefanywa na jina. Na kwamba jina nalo, kama picha, huweza kufunikwa, tena huwaacha wengine nje.

Tuanze na vita vya mwaka 1905. Kinjikitile Ngwale, aliyekaa Ngarambe, aliwapa watu maji akiahidi kwamba yatawakinga na risasi za Wadachi. Habari zake zilienezwa kwa minong'ono, nayo Wamatumbi waliiita njwiywila. Tarehe 4 Agosti 1905 Wadachi walimnyonga huko Mohoro. Vita vilivyoendelea hata mwaka 1907 havikupewa jina la jemadari wala la mahali, bali la dawa yenyewe, Maji Maji. Na jina hilo limedumu ijapokuwa dawa haikuzuia risasi. Ama neno njwiywila, twalijua kwa kuwa G. C. K. Gwassa aliwauliza wazee katika miaka ya 1960, walioviona vita wakiwa wangali hai.

Vita vya pili vilikuja kwa njia ya bahari. Manowari ya Kidachi Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikono ya mto, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Kibiti, ikaangamia huko tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa ikapigana nchi kavu. Leo mmoja umesimamishwa Mombasa katika Ngome ya Yesu, na mwingine Pretoria. Hivyo chuma cha Rufiji kimekuwa ukumbusho katika miji ya watu wengine.

Tarehe 4 Januari 1917 Kapteni Frederick Selous aliuawa Beho Beho, kaskazini ya mto. Mwaka 1922 hifadhi kubwa ya wanyama ilipewa jina lake, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huku ndiko kupaka rangi upya bila ya kuwa na ukuta.

Dar es Salaam twaona jambo hilo hilo kwa sanamu. Sanamu ya Wissmann iliyowekwa mwaka 1909 iliondolewa na Waingereza, na mwaka 1927 ikasimamishwa ya askari mwenye bunduki. Maandishi yake, ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja wapagazi pia. Lakini aliyechongwa ni askari peke yake. Mpagazi alisaliwa na jina tu, nalo si lake: kikosi chake, Carrier Corps, kiligeuzwa na vinywa vya watu kuwa Kariakoo. Wengi wanunuao bidhaa humo hawajui kwamba wanataja watu waliobeba mizigo ya vita hata wakafa kwa njaa na maradhi.

Basi jina hudumu kuliko rangi, lakini maana yake yaweza kutoweka huku sauti ikibaki. Ukuta uliofutika huonekana kuwa umefutika. Neno lililopoteza maana halionyeshi dalili yoyote. Kwa hiyo yatupasa sisi wenye kutunga kamusi tusiridhike na Kiswahili cha vitabuni. Majina ya vijiji, ya vijito na ya makaburi katika Kirufiji, Kindengereko na Kimatumbi yakusanywe pamoja na visa vyake, kwa vinywa vya wale ambao bado wanavijua.