Wali, Maandazi na Mikahawa: Khabari za Chakula cha Waswahili Katika Nchi ya Malawi

Waandishi wa tarikh, wakitaja watu wa pwani waliokwenda bara mpaka Ziwa Nyasa, hutaja pembe, bunduki na watumwa, kisha husimama. Ni nadra kumwona mmoja wao akiingia jikoni. Lakini mtu akifika asubuhi kwenye soko la Nathenje, kusini ya Lilongwe katika barabara ya kwenda Dedza, ataona sufuria ya mafuta juu ya moto, na madonge ya unga wa ngano yakifura ndani yake, na watoto wa skuli wamezunguka. Wenyeji huyaita mandasi. Neno hilo ni la Kiswahili, maandazi, na asili yake ni kuandaa. Basi na liulizwe neno lenyewe lilipitia njia gani hata likafika hapo.

Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, mtu wa Zanzibar, alifika Nkhotakota, ufuoni mwa ziwa upande wa magharibi, akajenga mji, akaitwa Jumbe, na waliomfuata wakalirithi jina hilo. Majahazi yake yalivusha watu na pembe mpaka ng'ambo ya mashariki, na kutoka huko misafara ilishuka mpaka Kilwa. Livingstone alipofika mwaka 1861 alikuta biashara hiyo imeshamiri. Watu hawa walikuja na dini, na chuo cha Kurani, na kanzu, na mpunga. Mabonde ya kando ya ziwa yana maji mengi, na mpunga ukaota vizuri. Wali ukawa chakula cha mgeni, cha harusi, cha hitima na cha Maulidi; na hata leo, kwa Waislamu wengi wa Malawi, Wayao na wengineo, sadaka isiyo na wali huonekana pungufu. Hapa hapana budi kusema kweli. Wengi walioyalima mashamba yale hawakuwa waungwana bali watumwa, na utamu wa sinia ile ulitoka katika jasho la mtu asiyelipwa. Anayesimulia wali na kuficha jembe amesimulia nusu.

Mwaka 1889 Jumbe alitia mkataba na Waingereza, na kabla miaka ya 1890 haijapita utawala wake ulikwisha. Mtawala aliondoka, mpunga ukabaki. Mchele wenye kunukia unaosifiwa sana nchini Malawi leo, ule wa Karonga, huitwa Kilombero, kwa jina la bonde la Tanzania.

Vitu vitamu vilikuwa na bahati nyingine. Halua, fahari ya Zanzibar na Maskati, haikuweza kusafiri kama wali. Yataka sufuria kubwa ya shaba, wanga, sukari nyingi, samli na iliki, na fundi mwenye mkono wa kukoroga kwa saa nyingi bila kupumzika. Na yataka baraza ya watu wanaokunywa kahawa chungu wakingoja kupozwa ulimi. Andazi halidai makubwa hayo. Pwani lilikandwa kwa tui la nazi na iliki, na likaitwa hamri. Lilipokwenda bara, ambako nazi ni adimu, tui likaachwa, iliki ikaachwa, yakabaki unga, sukari, hamira na mafuta. Wazee wa Mombasa wakilionja watalikunjia uso. Lakini chakula kinachokubali umasikini ndicho kinachofika mbali.

Njia ya pili ilizunguka kwa Ziwa Tanganyika. Kutoka Ujiji wafanya biashara walivuka mpaka Maniema, wakaacha Kasongo Kiswahili na mashamba ya mpunga. Baadaye zikajengeka hali za Waswahili Uvira, na Bujumbura katika mtaa wa Buyenzi. Wajukuu wa miji hiyo, pamoja na majirani zao wa kila kabila na kila dini, ndio waliokimbia vita vya Burundi, Rwanda na Kongo. Mwaka 1994 kambi ya Dzaleka ilifunguliwa wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza katika zama za Rais Banda. Na jina lake kwa Kichewa ni kauli ya mfungwa asemaye kwamba hatarudia tena. Palikusudiwa watu kama elfu kumi au kumi na mbili. Leo wanazidi elfu hamsini.

Mgao wao ulikuwa mahindi. Mahindi hushibisha, wala hapana anayeyadharau, lakini hayamkumbushi mtu wa Uvira kwao. Basi mwanamke aliyepata kilo moja ya unga wa ngano aliifanya maandazi au chapati, akauza, faida ikawa unga wa kesho. Vibanda vikawa mikahawa: benchi mbili, chai ya maziwa, wali na maharage, sombe yenye mawese, ugali wa muhogo, na usipa wa Ziwa Nyasa akishika nafasi ya dagaa wa Tanganyika. Mchewa wa kijiji cha jirani huja akala, na lugha ya kuagizia ni Kiswahili.

Sheria haikuwapa nafasi pana. Malawi iliuridhia mkataba wa wakimbizi mwaka 1987, lakini ikaweka masharti juu ya kazi na mahali pa kukaa. Hata hivyo wengi walitoka, wakafungua maduka na mikahawa Lilongwe na katika masoko ya njiani. Machi 2023 serikali iliamuru wote warudi kambini, na mwezi wa Mei askari wakaanza kuwakusanya. Wako wenyeji waliofurahi, wakisema wageni wamewabana katika biashara. Na wako waliokosa mahali pa kunywea chai. Malalamiko ya wale wa kwanza hayakuwa ya bure, maana mtaji mdogo hushindana na mtaji mdogo. Lakini kumwondoa mtu na sufuria yake motoni ni jambo zito, na watoto walichukuliwa pamoja na wazazi wao.

Novemba mwaka huo huo kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44. Ngano ya Malawi hutoka ng'ambo kwa sehemu kubwa, bei ya mafuta nayo ikapanda. Muuza maandazi, awe wa Dzaleka au wa Nathenje, alibaki na njia mbili: kupandisha bei, au kupunguza donge.